Habari Iliyotangulia Risasi

(Hotuba mbele ya wanafunzi, walimu na wazee, Mbeya)

Kamwene. Mugonile. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo vya waliokaa mstari wa mbele tutakesha, na baridi ya Mbeya mnaijua wenyewe.

Walionialika waliniambia nizungumzie majasusi na operesheni za hatari za wakati wa vita. Nikawauliza: mnataka za kibanda umiza au za kweli? Wakasema za kweli. Basi mtanivumilia, kwa sababu za kweli hazina jamaa anayeruka kutoka kwenye helikopta na suti yake ikabaki imenyooka. Za kweli zina barua iliyokamatwa njiani, nahodha asiyejua kama vita vimeanza, kijana aliyebanwa mpaka akaonyesha njia. Wala hatuna haja ya kwenda Berlin au London kuzifuata. Anzia Lugalo, shuka Njombe, pita Tukuyu, vuka Tunduma mpaka mto Chambeshi: ziko za kutosha.

Ninachotaka kuwashawishi jioni hii ni kwamba katika vita vilivyopita kwenye milima yetu, mara nyingi mambo yalikuwa yameshaamuliwa kabla bunduki haijalia. Yaliamuliwa na nani kapata habari, kaipata saa ngapi, na kama aliyeletewa alimwamini aliyeileta. Vitabu vinawataja makamanda kwa majina na vyeo. Waliobeba habari yenyewe wameandikwa "mwenyeji mmoja", "kijana mmoja", "mpagazi". Hao ndio ninaowatafuta leo.

Tuanze na Lugalo, pale karibu na barabara ya Iringa kwenda Morogoro. Ni Agosti 17, 1891. Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpachika jina la Nyundo, alikuwa ametoka Kilwa kuja kuwatia adabu Wahehe. Alikuwa na Wazungu 13 hivi, askari wapatao 320, na kundi la wapagazi. Alikuja na bombomu, yaani bunduki za rasharasha, na mizinga, ila mizinga yenyewe ilikuwa imefunguliwa vipande vipande na kupakiwa juu ya punda. Silaha iliyo mgongoni mwa punda, vijana, ni mzigo tu kama mahindi.

Njiani Zelewski alichoma vijiji na hakukutana na jeshi lolote la maana. Akaamini kwamba asichokiona hakipo. Asubuhi ile safu yake ilikuwa inapita kwa mstari mmoja kwenye njia nyembamba yenye mawe na vichaka, na nyuma ya mawe hayo walikuwa wamelala Wahehe wapatao 3,000.

Hebu tusimame hapo kidogo. Watu 3,000 wanakohoa, wanapiga chafya, wanahitaji maji. Wamefika pale kabla yake, kumaanisha kuna aliyewaambia Nyundo anapita njia gani na amefika wapi. Naye Nyundo, mwenye bombomu, hakupata mtu hata mmoja wa kumnong'oneza kwamba mbele kuna watu. Tunaposimulia Lugalo tunapenda kusema Wahehe walishinda kwa ushujaa. Ushujaa ulikuwepo, nani atabisha? Lakini mimi naona ushindi ule ulishapatikana usiku wa kuamkia vita, pale nchi nzima ilipofunga mdomo.

Ishara ya kushambulia ilikuwa mlio wa bunduki. Wasubiri safu yote iingie mtegoni, bunduki ilie, waruke. Sasa, ofisa mmoja wa Kijerumani akaona ndege, akamtamani, akafyatua. Kwa Wahehe ule ulikuwa mlio wa bunduki kama mlio mwingine. Wakaruka. Wengi wa askari hawakuwahi hata kupachika risasi. Mkuki una faida yake mtu akiwa karibu. Kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai, Zelewski alikuwa amekufa kwa mkuki, na pamoja naye Wazungu wengine tisa na askari wapatao 250. Bunduki kama 300 na mizinga mitatu vikaangukia mikononi mwa Wahehe, nao pia walizika watu wengi.

Ila ndege yule aliwaponza Wahehe pia. Kwa kuwa mtego ulifyatuka mapema, kikosi cha nyuma chini ya Luteni Tettenborn kilikuwa hakijaingia. Kikapanda kilimani, kikakusanya walionusurika, kikarudi pwani. Hao ndio waliopeleka taarifa ya kilichotokea. Leo jeshi letu lina kambi ya Lugalo Dar es Salaam, na wengi wanaopita pale kwa daladala hawajui jina limetoka kwetu huku.

Wajerumani walirudi. Oktoba 1894 jeshi la Gavana von Schele, ofisa Tom von Prince akiwemo, liliibomoa ngome ya Kalenga kwa mizinga, safari hii mizinga ikiwa imefungwa vizuri. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akatoroka, na hapo vikaanza vita vya aina nyingine ambavyo shuleni tunavipitia haraka mno. Kwa karibu miaka minne mtu mmoja, aliyewekewa donge la rupia 5,000 kichwani, aliishi porini katikati ya wanaomtafuta. Doria zilikuwa zikifika alipolala, zinakuta majivu bado ya moto. Kuna waliokuwa wanampelekea chakula, na kuna waliokuwa wanampelekea habari. Rupia 5,000 wakati ule zilikuwa mali ya kukufanya tajiri wa kijiji kizima, na bado miaka ikapita.

Mwishoni mwa 1896 Prince akajaribu njia nyingine: akamtawaza Mpangile, ndugu wa Mkwawa, awe mtawala badala yake. Fikirieni nafasi ya mtu huyu. Mchana ameketi na Wajerumani, anasikia doria inaelekea wapi. Usiku ndugu yake wa damu yuko msituni na njaa. Mapema mwaka 1897, hata miezi mitatu haijatimia, Wajerumani wakamnyonga. Walisema alikuwa akimsaidia Mkwawa kwa siri. Kama kweli alifanya hivyo, basi Iringa ilikuwa na jasusi aliyekaa kwenye kiti cha enzi. Na kama hakufanya, walimnyonga kwa kuwa tu walishindwa kueleza kwa nini kila mpango wao unamfikia Mkwawa kabla yao. Kwa vyovyote vile, kikulacho ki nguoni mwako, na Prince alijua hivyo.

Nipo Mbeya, kwa hiyo niseme na hili, maana najua humu ndani kuna wajukuu wa Usangu. Merere, mtawala wa Wasangu, na watu wake walishirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Ukiwa Kalenga utawaita wasaliti. Ukiwa Utengule utajibu kwamba Wahehe ndio waliotufukuza Usangu, na sisi tulikuwa tunatafuta njia ya kurudi kwetu. Mimi sitawaamulia. Nawaomba tu msisome historia ya upelelezi mkidhani kila mtoa habari alikuwa ananunuliwa kwa rupia.

Na Mkwawa alipatikanaje? Kwa habari, vilevile. Julai 1898 doria ya sajini Merkl ilimkamata kijana aliyekuwa akimtumikia Mkwawa. Walimtoa maneno, akawapeleka Mlambalasi. Walipokaribia wakaona watu wawili wamelala kando ya moto. Wakapiga risasi. Walipofika wakakuta wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Mkwawa alikuwa amejiua mwenyewe ili asishikwe hai. Ilikuwa Julai 19. Kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani, suala lake likaingia mpaka kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954. Hiyo mnaijua.

Sasa tushuke ziwani, tucheke kidogo. Agosti 1914. Ziwa Nyasa lilikuwa na meli mbili zenye mizinga: ya Waingereza ikiitwa Gwendolen, nahodha Rhoades, na ya Wajerumani ikiitwa Hermann von Wissmann, nahodha Berndt. Manahodha hawa walikuwa marafiki. Wakikutana bandarini wanakunywa pamoja. Vita vilipotangazwa Ulaya, habari ilifika upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, kwa simu ya waya. Upande wa Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhaven, haikufika. Meli ya Berndt ilikuwa imepandishwa nchi kavu inatengenezwa.

Agosti 13 Rhoades akatokea, akaanza kurusha mizinga. Berndt akaingia kwenye mtumbwi mdogo kwa hasira, akapiga makasia mpaka kwenye meli ya rafiki yake, akifoka: umelewa? Akaelezwa kwamba nchi zao ziko vitani na kwamba yeye sasa ni mateka. Waingereza waliutangaza ushindi ule kwa mbwembwe. Na ukiuangalia vizuri, hakuna aliyemzidi mwenzake akili wala nguvu. Mmoja alipata ujumbe, mwingine hakupata.

Mwezi uliofuata Wajerumani wa Tukuyu, wakati ule Neu-Langenburg, wakavuka mto Songwe kwenda kuishambulia Karonga. Waingereza nao wakatoka Karonga kwenda kuwakabili. Majeshi mawili yakapishana usiku bila kuonana. Wajerumani wakafika Karonga asubuhi ya Septemba 9 wakakuta ngome ina watu wachache, wale waliotoka wakasikia mizinga nyuma yao, wakageuka mbio. Wajerumani wakashindwa. Nani aliyekuwa anaongoza njia kila upande usiku ule, sijakutana na jina lake popote.

Vijana wataniuliza: na Waingereza hawakuwa na majasusi wa kweli? Walikuwa nao. Maarufu kuliko wote ni Richard Meinertzhagen, ofisa wa upelelezi. Huyu alisimulia kwamba maofisa wa Kijerumani, kwa kukosa karatasi za chooni, walikuwa wakitumia barua na amri za kazi, na kwamba watu wake walikwenda kwenye vyoo vya kambi za adui kuziokota. Anasifu kwamba zilikuwa hazina za habari. Inawezekana kabisa. Lakini mtu huyuhuyu, miaka mingi baada ya kufa, aligundulika kwamba aliiba ndege waliokaushwa kwenye makumbusho ya London akawabandika maelezo ya uongo kuwa amewawinda yeye, na shajara zake zilikuwa zimechezewa. Kwa hiyo hadithi yake ya chooni nawapa kama nilivyoipokea, na nawashauri mnawe mikono. Ninaloliamini katika hilo ni kwamba kazi ya kuingia kwenye hivyo vyoo haikufanywa na mwenye cheo.

Hadithi nyingine tamu yenye uongo ndani yake ni ya ndege kubwa ya gesi, L59. Novemba 21, 1917, Wajerumani waliirusha kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na tani zipatazo 15 za risasi, dawa na vifaa, ije kumwokoa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu. Haikuwa na mpango wa kurudi. Ikishatua ingechanwa yote: turubai lake litoe mahema na nguo, mifupa yake itoe vifaa. Ilivuka bahari, ikavuka jangwa, ikafika Sudan magharibi ya Khartoum. Hapo ikapokea ujumbe wa redio: rudi, Lettow-Vorbeck amepoteza nyanda za Makonde. Ikageuka, ikarudi Bulgaria baada ya saa 95 hewani na safari ya kilomita zaidi ya 6,700.

Watu wengi wanasimulia kwamba ujumbe ule ulitungwa na jasusi wa Kiingereza aliyeijua lugha na siri za Wajerumani. Inapendeza kuisikia. Lakini ujumbe ulitoka kwa wakubwa wao wenyewe, na ulikuwa wa kweli: siku hizohizo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Tunapenda kumpa jasusi sifa ya kila jambo la ajabu, wakati mara nyingine ni mtu wa ofisini amesoma ramani vizuri.

Lettow-Vorbeck huyu alirudi. Septemba 1918 alivuka tena Ruvuma, akapita upande wa Songea, akafika Ubena, ambako ni Njombe ya leo. Pale alimwacha Jenerali Wahle akiwa mgonjwa. Waingereza wakapiga hesabu: askari wake wengi kwao ni Unyamwezi, lazima anakwenda Tabora. Wakasogeza majeshi kumsubiri. Yeye akakunja kushoto, akapita kusini ya Ziwa Rukwa, akatokea Fife, si mbali na Tunduma, mwanzoni mwa Novemba, kisha akaingia Kasama. Hiyo ndiyo operesheni ya kuthubutu haswa, na ilitegemea kumfanya adui aamini hesabu yake mwenyewe.

Niongeze jambo ambalo wanaomsifu hulipitia kwa mbali. Jeshi lile lilikula kwa kuchukua. Ghala la mwananchi wa Ubena au Unyiha lilikuwa ndilo stoo yake, na shingo ya mwananchi ndiyo lori lake. Waingereza nao hivyohivyo. Wapagazi wao waliokufa kwa njaa, kuhara na homa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mpagazi aliona kila kitu: idadi ya masanduku, nani mgonjwa, chakula kimebaki cha siku ngapi. Wakubwa walizungumza mbele yake kama vile hana masikio. Ningekuwa mkuu wa upelelezi wa upande wowote, ningeanza na yeye.

Novemba 11, 1918, Ujerumani ilisaini kusimamisha vita. Huku risasi zikaendelea kulia, kwa kuwa hakuna aliyejua. Novemba 13 watu wa Lettow-Vorbeck wakamkamata tarishi wa Kiingereza aliyepanda pikipiki, na kwenye mizigo yake mkawa na karatasi yenye habari kwamba vita vimekwisha. Mtu aliyewakwepa majenerali kwa miaka minne alisimamishwa na mfuko wa barua. Mwanzoni hakuamini kwamba nchi yake imeshindwa. Alidhani labda mambo yameisha vizuri kwao. Nguzo ya kumbukumbu iko mpaka leo kwenye daraja la mto Chambeshi, Zambia. Novemba 25 alikabidhi silaha Abercorn, yaani Mbala, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168.

Ushikeni huo mto Chambeshi, tutarudi hapo sasa hivi.

Miaka ya sabini Iringa ilikuwa na siri kubwa iliyolala mahali pa wazi. Mgagao, wilaya ya Kilolo ya leo, palikuwa na kambi ya wapiganaji wa ZANLA kutoka Zimbabwe. Mwaka 1975 maofisa vijana waliandika pale Azimio la Mgagao, lililosaidia kumpandisha Robert Mugabe. Rhodesia, yaani Zimbabwe chini ya walowezi, ilikuwa na ndege na majasusi. Novemba 1977 ilipiga kambi ya Chimoio ndani ya Msumbiji na kuua watu wengi sana. Wakati ule tulifundishwa kumshuku mgeni anayeuliza maswali mengi, na balozi wa nyumba kumi alitaka kujua nani amelala kwako. Vijana wa leo wanaona ile ilikuwa kero. Ilikuwa kero kweli. Lakini adui alishaonyesha mkono wake unafika wapi: Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta.

Sasa Chambeshi. Tazara ilijengwa kuanzia 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, kwa ajili ya kitu kimoja: Zambia ipate njia ya bahari isiyopita kwa makaburu. Oktoba 12, 1979, wakati mazungumzo ya Zimbabwe yanaendelea Lancaster House, London, kikosi kidogo cha makomando wa Rhodesia kililipua madaraja ya Chambeshi, la reli na la barabara. Walirushwa na ndege usiku kwa miavuli, wakashuka mtoni kwa mitumbwi na baruti zao, na baada ya kulipua wakateka lori kukimbilia nalo. Shabaha ilikuwa tumbo la Mzambia: mizigo ikikwama kaskazini, Kaunda alazimike kupitisha mahindi na shaba kusini, kwenye reli ya adui yake, na ashinikize wapiganaji wakubali masharti mezani.

Kijeshi ilikuwa kazi ya hali ya juu, nakiri. Ila daraja halilipuliwi kwa kubahatisha. Lazima ujue nguzo ipi inabeba uzito, mto una kasi gani mwezi wa kumi, mlinzi anakaa wapi, anazunguka saa ngapi. Kuna mtu alipita pale kabla, pengine na mkoba wa abiria, akatazama dirishani kama sisi sote tunavyotazama.

Nimesoma upande wa makomando. Waliandika sana, wanapenda kujisifu. Upande wa reli sijasoma kitu cha maana: treni zilizokuwa njiani usiku ule zilisimamishwa vipi, stesheni ya Mbeya ilipata taarifa kwa simu ya nani, mabehewa yalirundikana hadi wapi. Kuna mzee pale nyuma, mwenye koti la kahawia, amenyoosha mkono tangu nilipotaja Tazara, na wenzake wananiambia alikuwa dereva wa treni miaka hiyo. Kijana, hebu mpelekee kipaza sauti. Shikamoo baba, karibu, tuambie ulikuwa stesheni gani.